Jenereta ilikuwepo, petroli haikuwepo

Natunza stoo na mitambo ya zahanati moja hapa Nkuhungu, Dodoma. Kwa miaka miwili, kila nilipoulizwa tutafanyaje umeme ukikatika, nilijibu: "Jenereta ipo." Ilikuwepo kweli, chini ya turubai, kuku wa jirani wakitaga juu yake.

Ijumaa moja mchana umeme ukakatika. Nikavuta kamba mpaka bega likauma. Ikawaka, ikakohoa kidogo, ikazima. Tangi lilikuwa tupu. Nikapanda bodaboda na dumu hadi sheli. Kijana wa pampu akaniambia, "Mzee, na sisi umeme hatuna. Jenereta yetu mbovu." Sheli ya pili, foleni.

Nikiwa kwenye foleni muuguzi akapiga simu: "Kaka, na maji yanaisha." Nilitakiwa kulijua hilo. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa huvutwa kutoka visima virefu vya Mzakwe, na pampu zinakula umeme. Mimi nilikuwa nahesabu shida moja moja.

Iliyonitoa jasho zaidi ni friji ya chanjo. Chanjo hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Nilihofia joto tu, nikataka kuzipanga juu ya vipande vya barafu vilivyotoka kwenye friza muda huohuo. Muuguzi akanizuia: ya pepopunda ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka tena. Akaviacha mezani mpaka, ukivitikisa, usikie maji yanacheza ndani, ndipo akavitia kwenye kasha. Kipimajoto kilisoma 6 hadi umeme uliporudi saa nne usiku.

Siku hizi kila Jumatano nazima swichi kubwa makusudi, nusu saa. Watu wa maabara wananuna, wanune tu. Mara ya kwanza tuligundua taa ya chumba cha kujifungulia haikuunganishwa kabisa na jenereta! Tenki la maji tumelipandisha mnarani ili yashuke yenyewe. Lilitugharimu kuliko jenereta, na ningelazimika kuchagua kimoja ningechukua tenki. Namba muhimu ziko kwenye karatasi ukutani, tabia iliyobaki tangu Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikalala.

Petroli naweka madumu mawili, ya zamani inaingia kwenye pikipiki kabla haijachacha. Yakiisha hayo mawili, nitarudi kwenye foleni ileile ya sheli, na hapo bado sijapata dawa.