Aliyechora akafuma mwenyewe

Jumapili, saa tatu usiku. Budapest.

Leo nilipanda treni ya vitongoji pale Batthyány tér mpaka Szentendre, kama dakika arobaini hivi. Mkononi nilikuwa na kitabu cha picha nilichonunua kwenye duka la vitabu vikuukuu. Kihungari kitupu, nakisoma kwa kamusi na dua. Kinamhusu Noémi Ferenczy, mfumaji wa mazulia ya ukutani, aliyezaliwa Szentendre mwaka 1890 pamoja na pacha wake Béni, ambaye baadaye alikuwa mchonga sanamu. Baba yao, Károly, ni mmoja wa wachoraji wakubwa wa Hungaria. Mama, Olga Fialka, naye mchoraji. Kaka yao Valér, mchoraji. Nyumba ile nadhani hata paka alijua kushika brashi.

Noémi akachagua uzi.

Alikwenda Paris kujifunza kufuma kwenye karakana za Gobelins, na vioo vya rangi vya kanisa kuu la Chartres vikamkaa rohoni. Mwaka 1913 akamaliza zulia lake kubwa la kwanza, Uumbaji. Sasa, Ulaya kwa karne nyingi mchoraji mwenye jina alitoa mchoro, halafu wafumaji wasiotajwa wakakaa kwenye kitanda cha mfumi miezi na miezi wakiugeuza kuwa zulia. Sifa zikabaki kwa mwenye mchoro. Noémi hakuutaka mgawanyo huo: alichora, na alichochora akakifuma.

Hapo ndipo aliponishika. Mimi nasomea usanifu majengo; nachora, wanajenga wengine. Kabla sijaja huku nilipeleka mchoro wangu kwenye ujenzi mmoja nyumbani. Fundi mzee akautazama kwa muda, akauliza kwa upole kabisa: "Injinia, huu mlango ukifunguliwa, ngazini tutapita wapi?" Mlango ule nilikuwa nimeuchora na kuufuta mara nyingi tu. Kuufungua, hata kichwani, sikuwahi.

Kwenye kufuma, kosa la namna hiyo linakurudia vidoleni. Nyuzi za mtande, zile zinazotandazwa kwanza, zinafunikwa zote. Picha nzima ni mshindio, uzi unaopitishwa katikati ya mtande, kila rangi ikienda na kurudi pale inapotakiwa tu. Mstari wa mshazari hauwezi kuteleza kama kwenye karatasi, lazima upande kwa vidaraja, kama ngazi. Labda ndiyo maana watu wa Noémi wametulia na wana uzito: mtunza bustani, mbeba kuni, mfumaji mwenyewe. Watu wa kazi, waliofumwa na mtu wa kazi.

Aliishi miaka mingi Nagybánya, mji ambao baada ya Vita Kuu ya Kwanza ulijikuta Romania na leo unaitwa Baia Mare. Mwaka 1932 akahamia Budapest, baadaye akafundisha, mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Kossuth, tuzo ya taifa la Hungaria, na Desemba 1957 akafariki. Haya nimeyasoma haraka haraka, nikarudi kwenye picha.

Wakati wa kurudi nilitoa daftari langu la miraba, nikajaribu kumchora mwanamke mwenye mzigo wa kuni kwa vidaraja tu, bila mstari mmoja wa kuteleza. Nikafuta, nikaanza tena. Treni ilipofika Batthyány tér nilikuwa bado kwenye bega la kushoto.