Siku moja maishani mwangu: mhudumu wa mvinyo jahazini, Zanzibar

Saa mbili asubuhi. Wageni huiona kazi yangu jioni tu, ila mimi siku yangu huanza kwa kusaka barafu. Nimezaliwa Hombolo, Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu, na sasa namimina mvinyo kwenye jahazi la watalii mbele ya Mji Mkongwe. Nanunua mabonge ya kulaza chini ya deli, kwa kuwa hayayeyuki upesi, na vipande vidogo vya kufukia chupa. Nikirudi napita soko la Darajani kwa ndimu, nanasi na korosho.

Saa tano. Kupanga chupa. Kinachoombwa zaidi ni mvinyo mweupe, Sauvignon Blanc ya Afrika Kusini, lakini glasi ya kwanza huwa natoa Chenin Blanc ya Dodoma bila kutaja imetoka wapi. Wakishaisifu ndipo nasema. Wengi hushangaa Tanzania ina zabibu, tena kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mwekundu nabeba kidogo, Makutupora na Pinotage, na huo nao unapita barafuni nusu saa. Ati mwekundu hunywewa ukiwa na joto la chumba. Chumba cha Ulaya labda, si cha hapa Unguja ambako nyuzi 30 ni jambo la kawaida. Chupa za kifuniko cha kuzungusha ndizo nazipenda. Anayezidharau hajawahi kung'oa kizibo huku sakafu inamkimbia.

Saa tisa alasiri. Tunapakia. Nahodha ameshafika, ananawa miguu.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba mwanangu. Umezificha hizo chupa zako?"

Yeye na mabaharia wake ni Waislamu, pombe hawaigusi. Hakuna aliyeandika sheria, ila tumeelewana: deli langu linakaa karibu na mlingoti, mimi ndiye nalibeba, na glasi naosha mwenyewe. Birika lao la chai ya tangawizi liko tezi, nyuma ya jahazi, kwa nahodha, wala sisogezi chupa huko.

Saa kumi na nusu. Wageni wanavua viatu, mashua inawavusha. Glasi zetu ni za plastiki ngumu, zisizo na mguu. Kuna wanaokunja uso wakiziona, na hukunjua tukishatoka nje ya ghuba.

Saa kumi na moja. Foromali, mti unaobeba tanga, inapanda, tanga linajaa, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Septemba upepo wa kusi bado una nguvu. Jahazi linalalia demani, upande upepo unakoelekea, kwa hiyo kila kisichofungwa huenda upande huo, wakiwemo wageni. Namimina nikiwa nimepiga goti, mgongo kwenye mlingoti, theluthi ya glasi tu, nikisubiri wimbi lipite. Nahodha akitaka kugeuza hunikoholea kwanza. Nina muda wa kufunika deli na kukumbatia ndoo, kisha tanga linahama na joshini, upande unakotoka upepo, inakuwa demani.

Ndani ya ndoo kuna barafu, maji na konzi ya chumvi. Barafu tupu bila maji hugusa chupa hapa na pale. Maji huizunguka yote, na chumvi huyashusha chini ya sifuri bila kuganda. Ya bahari ningeweza kuteka hapohapo, lakini haya ya karibu na bandari, hapana. Mvinyo wenye povu naufungulia chini ya kivuli cha tanga: nashika kizibo, nazungusha chupa. Mgandamizo wa mle ndani ni zaidi ya mara mbili ya tairi la gari, na jicho la mgeni halina spea.

Leo bwana mmoja kanisimulia Madeira, ule mvinyo wa Wareno uliopikwa na joto ndani ya merikebu zilizokatiza tropiki ukarudi mtamu zaidi. Kweli, ila ule huongezwa pombe kali. Huu wangu saa moja juani, kwisha habari yake.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini. Jua linazama, simu zote hewani, hakuna anayekunywa. Adhana ya magharibi inafika kutoka mjini. Tunazima muziki, baharia anashika usukani, nahodha anatandika mkeka wake.

Saa mbili usiku. Wageni wameshuka. Pinotage imemwagikia mto mweupe, naupiga soda na chumvi kabla haujakauka. Nahesabu chupa, tunagawana bakshishi sawasawa, kisha natoa mfuko ambao mama ametuma kwa basi hadi Dar, ukavuka na boti leo mchana. Zabibu za msimu huu.

Nahodha anaonja moja, anachukua kichala kizima.

"Sasa hizi," anasema akitema kokwa baharini, "mnaziharibia nini?"