Kili Half: nilipanda Mweka nikiwaza Nairobi

Kila niliyemwambia naenda Moshi kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, yaani nusu marathon, aliniuliza swali lile lile, sasa kama unaitaka 42, marathon nzima, si ukimbie 42 palepale? Naitaka ndio, ila ninayoitaka ni ya Nairobi mwezi wa kumi, na Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, wakati sisi wa Dar tizi zetu, yaani mazoezi, ni Coco Beach, Toure Drive, ukitaka kamwinuko kidogo unapanda daraja la Tanzanite basi. Dar inakupa joto, inakupa unyevu, jasho linatoka halikauki, hiyo nayo ni tizi ya maana sana, lakini kilima haikupi. Kwaiyo nilitaka mbio ya kweli, namba kifuani, watu maelfu, mlima wa kutosha, alafu iwe mapema ili mwili upate miezi ya kujijenga upya. Kwa Tanzania hii, mwishoni mwa mwezi wa pili, jibu ni Kilimanjaro Marathon tu.

Kocha wetu wa klabu akanipa neno moja. "Mdogo wangu, ile ichukulie kama moko, ule mtihani wa kujipima kabla ya mtihani wenyewe. Moko hukai kufaulu, unakaa kujua wapi hujasoma." Nikabeba hilo hilo mpaka Moshi.

Basi nilipanda Ijumaa alfajiri pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Watu wanaichukia hiyo safari, mi naipenda. Ukishapita Segera na wauza machungwa wao unaingia Korogwe kwenye mkonge, alafu kuanzia Mombo milima inakusindikiza upande wa kulia, Usambara kwanza, baadae Upare, mpaka unashtuka uko Same na kumekauka kabisa. Kila basi liliposimama nilishuka nikatembea tembea nikanyoosha miguu, maana kukaa kutwa nzima magoti yamekunjwa siku mbili kabla ya mbio sio kitu cha mchezo.

Mle ndani karibu nusu walikuwa wakimbiaji, vijana wa joging klabu na tisheti zao, na stori ilikuwa moja tu, Simbu, mkimbiaji wetu wa marathon. Jamaa mmoja alikuwa na ile video ya Tokyo, Septemba 2025, tukaiangalia kama mara ya kwanza. Alphonce Simbu anaingia uwanjani, Mjerumani Amanal Petros yuko mbele, mita za mwisho kabisa Simbu anamtokea pembeni, wote wanaandikiwa saa 2:09:48, tofauti ni sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Watu wanashangilia ile finishi, na wana haki, lakini mi kinachonigusa ni yale masaa mawili kabla yake. Katulia kwenye kundi, hajioneshi, hamjibu kila anaechomoka, anatunza. Ile subira ndo niliyokuwa naifuata Moshi, kwa kiwango changu mimi.

Wikiendi ile Moshi gesti zinajaa na bei zinapanda, mi nilifikia kwa mama mdogo, kule Rau. Jumamosi nilipotoka kuchukua namba nikakuta kapika mtori, sufuria zima.
"Mwanangu, unakimbia kilomita 21 na mtori hutaki?"
"Mama mdogo naomba uniwekee, kesho nikirudi nakula wote. Leo niache na wali wangu na maharage kidogo."
Akaniangalia, akacheka, akanipikia wali. Sikuwa na dharau na mtori, mtu asinielewe vibaya. Ni kwamba nilitaka tumbo lipate kile kile ninachokula Jumamosi zote kabla ya mbio ndefu, kwasababu ndo nitakachokula Nairobi. Siku ya kujaribu chakula kigeni sio siku ya kuamkia mbio.

Jumapili niliamka saa kumi alfajiri, chai, mkate, ndizi mbivu mbili, bodaboda mpaka uwanja wa Ushirika, mbio zinapoanzia. Mlima ulikuwa wazi! Kilele cha Kibo chote, theluji ile iliyobaki inaanza kushika mwanga, na maelfu ya watu chini yake wanaruka ruka kupasha misuli, wazungu, wakenya, wanajeshi, wamama wa makamo na vitambaa kichwani, watu wa maofisini na mabango yao. Mi nilisisimka mpaka machozi kidogo.

Wa 42 walishatangulia. Tulipoachiwa sisi, kilomita za mwanzo kila mtu kawa Simbu, watu wanachomoka hao, barabara nzuri, muziki, asubuhi kuna kaubaridi. Nikajizuia. Kipimo changu kilikuwa pumzi, sio saa ya mkononi, nikiweza kusema sentensi nzima bila kukatika niko sawa, nikishindwa napunguza.

Alafu Mweka ikaanza. Kilima cha Mweka hakikupigi ghafla, ndo ubaya wake. Kinapanda taratibu, unaona kama barabara imenyooka tu lakini mapaja yanakwambia ukweli, unapita nyumba za watu, migomba, kahawa, mferejini maji yanakimbia yanashuka na wewe unapanda, watoto wamejipanga wanataka uwagonge mikono, kinamama wanapiga vigelegele "kaza mwanangu kaza!" Barabara hii hii ndo wapanda mlima wengi wanashukia wakitoka Kibo kupitia geti la Mweka. Sisi tunaipanda.

Katikati ya kilima nikajikuta sambamba na mzee mmoja, mvi kichwa kizima, anatembeza miguu kwa hatua fupi fupi. Nikamwamkia. "Marahaba kijana. Usiangalie juu. Angalia mita kumi mbele, fupisha hatua, mikono ishushe." Nikafanya hivo hivo na mabega yakalegea palepale, sikujua nilikuwa nimeyakaza. Tukapanda pamoja hatuongei, mpaka meza ya maji, nikachukua maji na sponji, nikala jeli, ile ya sukari ya kuongeza nguvu njiani, niliyoijaribu kwenye mazoezi, na wale waliochomoka chini sasa tunawapita mmoja mmoja, wengine wanatembea wameshika viuno.

Kushuka ndo nilikojifunza zaidi. Mtu anadhani kushuka ni mapumziko, kumbe misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki, inavutwa huku imekaza, na hiyo ndo inayoleta yale maumivu ya kesho yake na keshokutwa. Niliachia mwili uegemee mbele kidogo, hatua za haraka, sijifungi breki. Nusu ya pili nikaikimbia haraka kuliko ya kwanza, nikaingia uwanjani pumzi ipo, saa mbili na dakika kumi na kitu, medali shingoni, na cha muhimu kuliko vyote, kichwani nilikuwa najiuliza, sasa hapa zirudie tena 21 nyingine, unaweza? Jibu la siku ile ni hapana. Wanga mwilini unaishia kwenye kilomita 30 huko kama hujala njiani vizuri, na jeli moja niliyokula inatosha 21, haitoshi 42. Na mapaja yangu Jumatatu asubuhi kushuka ngazi za basi ilibidi nishuke kinyumenyume.

Mtori niliukuta, niliumaliza, mama mdogo akafurahi sana.

Kwaiyo moko imeshatoa majibu, mazoezi yanabadilika. Jumapili nyingine tunaiacha Coco tunahamia Pugu kuelekea Kisarawe, kule kuna vilima vya ukweli vya kupanda NA kushuka, mbio ndefu zinaongezeka taratibu mpaka zifike kilomita 32, na kula njiani kila baada ya dakika 40 kuanzia sasa, ili tumbo lizoee kabla ya Oktoba. Kama uko Dar na wewe unaiwazia Nairobi njoo, tunaanza saa kumi na moja alfajiri kabla jua halijatoka, hatumuachi mtu nyuma.