Wamarekani na lafudhi ya Waingereza

Nimezunguka Chicago na rafiki yangu mzaliwa wa Birmingham, Uingereza. Kila akifungua kinywa kuagiza chai, mhudumu anatabasamu na kumwomba aendelee kuongea. Huko kwao lafudhi ya Birmingham hudharauliwa mno, wengine huificha wakienda kwenye usaili wa kazi. Marekani wanamsikiliza kama mtu wa jumba la kifalme! Nimefurahi sana kwa ajili yake, anastahili.

Kilichomsumbua ni bei. Kodi ya mauzo haimo kwenye lebo, unakutana nayo kaunta, halafu mgahawani unatarajiwa kuacha bahshishi ya asilimia 15 hadi 20. Kwao Uingereza bei unayoiona dukani ndiyo unayolipa. Hapo namuunga mkono kabisa.