Nilivyomtambua nondo wa Amani anayeruka mchana

Ukimwona kwa mara ya kwanza utaapa ni kipepeo. Anaruka jua likiwa kali, mabawa ya nyuma yana mikia, na weusi wake umekatwa na michirizi ya kijani na dhahabu inayometameta. Nilimpata pembezoni mwa msitu wa Amani, Usambara Mashariki, ametua kwenye maua. Mimi si mwanasayansi, napiga picha za wadudu kwa mapenzi tu, lakini huyu nilitaka nimjue kwa jina lake kamili.

Vijiji vya huko kuna watu wanaojua kufuga vipepeo na kuuza pupa, basi nikamwendea mama mmoja mwenye uzoefu. Nikamwamkia, nikampa simu. Akaivuta picha kwa vidole hadi kichwa kikajaa kioo. "Huyu si wetu, mwanangu. Angalia hivi vipapasio."

Kipapasio cha kipepeo huishia na kifundo. Vya huyu vilikuwa vyembamba, vikizidi kuchongoka hadi nchani. Kwa hiyo ni nondo, hata kama hajui kulala mchana.

Nilidhani rangi ndiyo itakayonipa jina, kumbe rangi ndiyo inayosumbua zaidi. Picha za mdudu yuleyule, dakika ileile, zilitoka tofauti: hapa kijani, pale karibu na bluu, kwingine shaba. Rangi hizo si za kupakwa. Magamba ya bawa yana tabaka nyembamba zinazorudisha mwanga kwa namna tofauti kulingana na unaposimama, kama petroli iliyomwagika juu ya dimbwi. Tangu hapo napiga picha kutoka pande kadhaa, na siachi kupiga kipapasio kwa karibu.

Familia yake ni Uraniidae. Hili nililihakikisha kwa mmoja niliyemkuta amekufa kwenye dirisha la nyumba ya wageni. Nondo wa kundi hili wana viungo vya kusikia tumboni, na ajabu yake ni kwamba kwa dume na kwa jike haviko mahali pamoja. Kwa lenzi ya mkononi na subira unaweza kukiona kitundu chenyewe. Kwangu hiyo ni alama yenye uzito kuliko urembo wote wa mabawa.

Baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Jenasi ya Chrysiridia ina spishi mbili tu. Chrysiridia rhipheus ni wa Madagaska, na ndiye maarufu. Rangi zake ni nyingi, pamoja na nyekundu na zambarau. Wa kwetu, Afrika Mashariki bara na Zanzibar, ni Chrysiridia croesus, ambaye kijani na dhahabu vimemtawala. Jina lake likiandikwa kwa ukamilifu huwa Chrysiridia croesus (Gerstaecker, 1871). Mabano yale yana kazi: yanaonyesha kwamba Gerstaecker, Mjerumani aliyemweleza kwanza, alimweka kwenye jenasi nyingine, Thaliura, akahamishwa baadaye.

Wala si sisi wa kwanza kubabaika. Yule wa Madagaska alipoelezwa na Dru Drury, Mwingereza, mwaka 1773, aliingizwa kwenye jenasi ya vipepeo, Papilio, tena akidhaniwa ametoka China au Bengal. Inaaminika kielelezo chake kilikuwa kimeharibika, na mtu akakitengeneza kwa kukibandika kichwa cha kipepeo. Kwa kichwa hicho, nani angemwita nondo?

Kwa nini athubutu kuruka mchana mbele ya ndege? Jibu liko kwenye chakula cha utotoni. Viwavi hula mimea ya Omphalea, ya ukoo mmoja na muhogo na mnyonyo, ambayo ina sumu. Kwa ndugu yake wa Madagaska imeonekana kwamba sumu hiyo hubaki mwilini hata akishaota mabawa, na rangi kali inakuwa onyo. Binamu zake wa Marekani ya Kusini, jenasi ya Urania, nao hula Omphalea hiyohiyo.

Nikirudi Amani sitaanza na maua. Nitamwomba mtu anayeijua miti anionyeshe Omphalea, nikague majani kwa chini, maana picha ya kiwavi bado sina.