Moshi Inaishia Wapi?

Jumamosi saa moja asubuhi nilipanda kosta stendi ya Moshi kwenda Arusha, kilomita kama 80. Nafundisha jiografia, na wanafunzi wangu huelewa haraka ukanda wa migomba na kahawa: unafanana kote, unauona kwa macho. Kanda ya kiutendaji ndiyo huwatoa jasho, kwa kuwa haifanani. Kinachoiunganisha ni kitovu, na watu wanaokwenda na kurudi. Basi nikaenda kuitafuta njiani.

Jirani yangu alikuwa mama aliyekesha hospitali ya KCMC mjini Moshi akimuuguza mjukuu.

"Shikamoo mama. Mahitaji yenu pale Boma mnayafuata wapi?"

"Marahaba mwanangu. Mbegu, dawa, sare za watoto, vyote Moshi. Arusha nakwenda kukiwa na harusi."

Akashuka Boma Ng'ombe. Mvuto wa Moshi nilikuwa nao bado.

Njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mambo yakachanganyika. Uwanja huu uliofunguliwa mwaka 1971 uko wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, lakini hupokea wapanda mlima wa Moshi na watalii wanaopitia Arusha kwenda Serengeti. Kanda mbili zinapandana hapo, wala hakuna bango la kukuonyesha.

Akapanda kijana mwanaapolo, mchimba madini kutoka Mirerani, anafuata vipuri vya kompresa Arusha. Nikamuuliza kuhusu Babati, makao makuu ya mkoa wao wa Manyara.

"Sijawahi kufika, mwalimu. Nikiumwa, Arusha. Nikitaka spea, Arusha."

Manyara ilimegwa kutoka mkoa wa Arusha mwaka 2002. Mstari ulihamishwa, safari za watu zikabaki palepale. Hilo ndilo ninalotaka wanafunzi wangu walione kabla ya kukariri maana yoyote.

Kikatiti gari lilijaa wanawake wenye viroba vya maharage. Nilidhani wote wanakwenda mjini, kumbe walishuka Tengeru kwenye gulio la Jumamosi: kitovu kidogo ndani ya kanda ya kitovu kikubwa. Kosta ikabaki nyepesi hadi stendi ya Arusha.

Nilikaa kwenye benchi nikatoa daftari. Mipaka ya mikoa niliichora kwanza, kisha mishale ya abiria. Wa yule mama ulirudi Moshi. Wa mwanaapolo ulikuja Arusha. Nikajaribu kuchora njia ya gari kutoka Mirerani hadi Babati, na kalamu ikapita palepale nilipokaa.