Siku moja maishani mwangu: nahesabu kurasa zinazofunguliwa

Saa 11 alfajiri. Kabla sijawasha jiko naangalia namba za usiku kwenye simu. Mama huniona nimeinama gizani, anatikisa kichwa. Majirani wakimuuliza binti yake anafanya kazi gani, hujibu "kazi ya kompyuta," na wakimuuliza kompyuta ya kufanyia nini, hubadilisha mazungumzo. Ndugu zangu wengine wanaamini natengeneza simu. Ndiyo maana nimeandika siku yangu ya jana, Alhamisi, angalau wao waisome.

Kwa ufupi ni hivi. Mwenye tovuti anapotaka kubadilisha ukurasa wake, hatubahatishi. Wageni wanagawanywa: nusu wanaona ukurasa wa zamani, tunauita A, na nusu wanaona mpya, B. Kila mgeni anapewa namba isiyo na jina lake, namba hiyo inachanganywa na jina la jaribio (ndivyo tunavyouita ulinganisho huo) na kutoa namba nyingine kati ya 0 na 99. Chini ya 50 unaona A, 50 na kuendelea unaona B, na ukirudi kesho utakuta upande uleule. Mimi ndiye naweka vipimo: ukurasa umefunguliwa lini, na nani, upande gani. Zamani tulikuwa tunatumia Optimize, chombo cha Google cha kufanyia majaribio haya. Ilipofungwa tarehe 30 Septemba 2023, tukaandika mgawanyo wetu wenyewe, na tangu hapo ukikosea hakuna wa kumsukumia.

Saa 12 na robo nipo Kimara. Nasimama kwenye mwendokasi hadi Morocco, bajaji hadi Kijitonyama.

Saa 2 kasoro, chai na chapati mbili mezani. Kazi ya kwanza kila asubuhi ni kupitia anwani za kurasa zilizorekodiwa usiku, kwa sababu fomu iliyoandikwa vibaya humwaga alichojaza mtu kwenye anwani yenyewe, na kipimo changu kinaibeba kama ilivyo. Jana nilikuta namba za simu za watu 14. Nikazifuta, nikamwita kijana aliyeandika fomu, tukairekebisha pamoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, lakini hata isingekuwepo, mtu aliyekuja kuulizia bei ya friji hakunipa ruhusa ya kutunza namba yake.

Kisha saa. Seva zetu, yaani kompyuta zinazotuma kurasa na kutunza hesabu, zinatumia saa ya dunia (UTC), iliyo nyuma ya saa ya Dar es Salaam kwa saa tatu. Siku ya seva inaanza saa 9 usiku wetu. Anayeperuzi saa 8 usiku kwa bando la usiku anahesabiwa jana, na akiendelea hadi saa 9 na nusu anaonekana tena leo kama mgeni mwingine wa siku. Kila ripoti naigeuza kwanza. Hadi saa 4 nilikuwa nimemaliza ripoti za wateja watatu.

Saa 4 na dakika chache simu ikaita. Mteja wetu anauza majiko ya gesi, friji na vyombo vya nyumbani. Fomu yake ya kuagiza ilikuwa ukurasa mmoja mrefu, ndiyo A. Fomu mpya imegawanywa hatua tatu, ndiyo B. Jaribio lilikuwa na siku tisa.

"Dada, habari za asubuhi."

"Nzuri kaka, za huko?"

"Huku salama. Nimeona B imeshinda. Imefunguliwa mara 19,700, A mara 9,100. Zima A leo, mkurugenzi ana kikao saa 8."

Nikamwomba anipe nusu saa. Akasema hakuna cha kusubiri, namba zinaonekana. Nikamweleza: kwenye B, kila hatua inabadilisha anwani bila ukurasa kupakiwa upya, na Google Analytics, chombo tunachotumia kuhesabu wageni, usipoizuia, huhesabu badiliko hilo kama ukurasa umefunguliwa tena. Mtu mmoja akimaliza hatua tatu ameandikwa mara tatu.

"Lakini namba si mmetupa nyie wenyewe?"

Hilo liliniuma, kwa sababu ni kweli. Tulimpa. Kizuizi kilitakiwa kuwekwa siku ya kwanza na hakikuwekwa. Nikamwambia kosa ni letu. Kisha nikamuuliza: "Kaka, mteja akiingia dukani kwako, akapita chumba cha majiko, akapita cha friji, akaishia kwa keshia, jioni utasema umepata wateja watatu?" Akanyamaza kidogo. "Nitumie ya watu basi. Kabla ya saa 8."

Nikaanza kuhesabu watu badala ya kurasa, nikijua ni kazi ya dakika kumi. Jumla watu 12,400. A watu 6,540, B watu 5,860.

Nikaacha kuandika. Nusu kwa nusu ilitakiwa iwe 6,200 na 6,200. Kwa umati huo, bahati inaweza kusogeza hesabu kwa watu mia moja hivi huku au kule, na hapo hakuna wa kushtuka. Watu 340 si bahati. Wageni 680 hivi walipangiwa B na hawakuonekana B, na mimi sikujua walikokwenda.

Kuanzia hapo sikumbuki saa vizuri. Nilianza na mgawanyo wenyewe: nikatengeneza namba 10,000 za kubuni, nikazipitisha, zikatoka karibu nusu kwa nusu. Si huko. Nikashuku roboti zinazozunguka mitandaoni, nikazichuja, pengo likabaki vilevile. Nikashuku vidakuzi, yaani vijifaili vinavyomkumbuka mgeni kwenye kifaa chake, maana Safari, kivinjari cha Apple, hufuta baada ya siku saba vile vinavyowekwa na JavaScript, msimbo wa ndani ya ukurasa, na mtu akarudi kama mgeni mpya, lakini hilo lingegusa pande zote mbili. Kabla ya kuanza tulifanya jaribio la A kwa A, pande mbili zinazofanana kabisa, na lilipita. Nililitegemea mno jaribio hilo.

Mama lishe wetu alileta wali maharage, akarudi baada ya muda akakuta sahani haijaguswa. "Mwanangu, hiyo kompyuta haifi ukila." Nikala vijiko vinne.

Nikaanza kupasua hesabu kwa aina ya kifaa. Kompyuta za mezani: sawa kwa sawa. Simu kubwa kwenye mtandao wa kasi: karibu sawa. Simu za bei ya chini kwenye mtandao wa taratibu: hapo B ilikuwa imebomoka. Nikachukua simu ya majaribio ya ofisini, ile yenye kioo kilichopasuka kona, nikashusha kasi ya mtandao, nikafungua fomu kama mteja. Nilipopangiwa A, ukurasa ulijikokota ukaja. Nilipopangiwa B, simu ilianza kupakia A, katikati ikaamriwa ihamie kwenye anwani ya B, ikaanza upya. Kioo cheupe. Nikahesabu kwa mdomo, nikafika kumi na saba, bado cheupe. Na kipimo changu kilikuwa chini kabisa ya ukurasa, kikisubiri picha zote zifike ndipo kiandike kwamba mtu amekuja.

Nani anasubiri kioo cheupe huku bando linaisha? Walikuwa wanafunga na kuondoka, na kwangu ilikuwa kama hawakuja. Jaribio la A kwa A halikuona kitu kwa sababu lilikuwa halimhamishi mtu.

Hapa ndipo natamani watu wangu waielewe kazi hii. Waliobaki B ni wenye simu nzuri na mtandao mzuri, na wengi wao ndio wenye pesa ya kununua friji. Ukigawa oda kwa waliohesabiwa, B itang'aa hata kama fomu yenyewe ni mbaya kuliko ya zamani. Mkurugenzi angezima A, na dada wa Nachingwea anayetafuta jiko la plati mbili angekutana na kioo cheupe kila siku, na hakuna ripoti ambayo ingemtaja.

Nikampigia mteja. Kikao cha saa 8 kilishapita, alikuwa amesema "bado tunahakiki" na hakufurahi. Nilipomwambia siku tisa zote zinatupwa, sauti ilipanda. Wamelipia matangazo. Sisi ndio wataalamu. Kwa nini wasitafute wengine? Nikamwacha amalize. Sikumlaumu, pesa ni yake. Nikamtumia picha ya kioo cheupe na hesabu ya wale 680, nikamwambia matangazo aliyolipia ndiyo yaliwaleta hao.

Baada ya muda akapiga tena, chini zaidi. "Sawa dada. Jumatatu nipate jibu."

"Jumatatu haiwezekani kaka. Wiki mbili kamili."

Anayeagiza Jumamosi si anayeagiza Jumanne, na mwisho wa mwezi mshahara ukiingia duka linabadilika kabisa. Tena tukichungulia kila asubuhi na kusimama siku B inapopendeza, ipo siku itapendeza kwa bahati tu. Tukabishana hapo kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akakubali, kwa sharti nimpigie yeye kwanza.

Jua lilizama nikiwa bado kwenye kiti. Tumehamisha hesabu: sasa seva inaandika mtu ameingia upande gani palepale anapogawiwa, kabla ukurasa haujaondoka kwenda kwake, na B inatolewa moja kwa moja bila kuhamishwa. Hatua za fomu zina jina lake, haziitwi tena kurasa. Nikapima, mwenzangu akapima, macho yakiwaka.

Nilifika nyumbani saa 3 na nusu. Mama alikuwa ameniwekea ugali na dagaa. Nikamwomba simu yake, ya zamani, inayoshika mtandao ukisimama dirishani tu. Nikampa aifungue fomu ya majaribio mwenyewe. Alisubiri, akanitazama, akasubiri. Kwenye kompyuta yangu mstari mmoja ulikuwa umeshaandikwa hata kabla kioo chake hakijaonyesha kitu.

"Imeniandika?"

"Imekuandika mama. Upande wa B."

Akavaa miwani, akasogea, akaomba nimwonyeshe ni mstari upi. Jaribio jipya linaanza saa 9 usiku, siku ya seva inapoanza. Nimetega simu.